Historia fupi ya neno "urgent", kutoka telegrafu hadi SMS

Leo naweka kando kodi na hitilafu zake, tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lakini hapa Kehancha hutasikia mtu akilitafsiri: "urgent". Muuza mbolea analo, karani wa ofisi analo, dereva wa matatu ya Isebania analo. "Nitumie hiyo pesa, ni urgent." Wengine hulitamka hivi kwamba hujui kama mtu ana jambo la haraka au anamtafuta wakala wa M-Pesa, maana "urgent" na "agent" midomoni mwetu ni mapacha.

Mimi ni mtunzi wa programu, na neno hili nakutana nalo kila siku ya kazi. Mteja wangu mmoja hunitumia orodha ya kazi kila Jumatatu, na safu ya kipaumbele ina neno hilo hilo kutoka juu hadi chini. Ukishaona kila kitu ni "urgent", unabaki kuanza na kazi iliyo rahisi. Hapo ndipo nilipojiuliza: neno hili lilipata wapi nguvu yake, na lilizipotezea wapi? Nikaanza kusoma, na nimekuta historia inayotuhusu hata sisi tulio mbali na reli.

Asili ya neno

"Urgent" linatokana na neno la Kilatini "urgere", yaani kusukuma, kubana, kusogeza kwa nguvu. Lilipitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katika karne ya 15. Picha iliyo ndani yake ni ya mtu anayesukumwa mgongoni.

Kiswahili kina njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Tuna "haraka", kutoka Kiarabu, ambayo asili yake ni mwendo. Tuna "dharura", pia kutoka Kiarabu, ambayo asili yake ni ulazima. Haraka ni habari ya anayefanya: miguu yake inakwenda mbio. Dharura ni habari ya jambo lenyewe: haliepukiki. Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka, halafu wakageuka wakatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini sijawahi kusikia methali inayosema dharura haina baraka. Wazee walijua kwamba hivi ni vitu viwili. Neno "urgent" linavichanganya, na mchanganyiko huo ndio umewasumbua watengenezaji wa mitambo kwa zaidi ya miaka 100, kama tutakavyoona.

Wakati "urgent" ilikuwa na bei

Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, ukiwekwa na kampuni ya Eastern and South African Telegraph. Baadaye waya ukafika Mombasa, na reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 nguzo za telegrafu zilikwenda nayo sambamba mpaka Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901. Huo ndio wakati Kiswahili kilipopata neno "simu". Asili yake ni Kiajemi, "sim", yaani waya. Simu ya kwanza ya Waswahili ilikuwa telegrafu. Telefoni ilikuja nyuma ikalirithi jina, na leo limerithiwa na kifaa kisicho na waya hata kidogo.

Katika telegrafu tatizo lilikuwa foleni. Waya ni mmoja, ujumbe ni mwingi, na mpiga ufunguo ana mkono mmoja. Nani atangulie? Kanuni za kimataifa za telegrafu ziliwapanga watu kwa daraja. Telegramu za serikali zilitangulia za watu binafsi. Mtu binafsi aliyetaka kuwapita wenzake aliruhusiwa, ila kwa masharti: ujumbe wake uliwekewa alama ya "urgent", herufi D kabla ya anwani, naye akalipa mara tatu ya bei ya kawaida.

Mara tatu! Tena telegramu ilitozwa kwa neno. Ndiyo maana wazee wetu walijifunza kuandika kwa ubahili: NJOO UPESI MAMA MGONJWA. Na ndiyo maana telegramu ilipofika kijijini watu walianza kulia kabla ya kufungua bahasha. Hakuna aliyetupa pesa kiasi hicho kwa habari za kawaida. Bei ndiyo iliyolinda maana ya neno.

Angalia pia kitu cha pili. Neno "urgent" kwenye telegramu lilikuwa amri kwa mtu fulani anayejulikana: karani wa waya. Akiliona, anaweka kando alichokishika. Neno lilikuwa na mkono wa kulitekeleza.

Somo la moto wa London

Telefoni ilipoenea, mkono huo ulipotea kidogo. Mnamo Novemba 1935 nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, wakafa wanawake watano. Jirani alijaribu kupiga simu kwa zimamoto, lakini simu zote zilipitia kwa opereta, na simu yake ikaingia kwenye foleni pamoja na za watu wengine. Aliandika barua ya hasira kwa gazeti la The Times. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kufanya kazi London. Ujanja wake haukuwa katika tarakimu zenyewe. Katika ukumbi wa opereta, simu ya 999 iliwasha taa nyekundu na kupiga king'ora, ili opereta aache alichokuwa akifanya. Namba hiyo ndiyo tuliyoirithi Kenya.

Wanajeshi na biti tatu

Jeshi lilikuwa na tatizo lile lile, kwa kuwa kila kamanda huona ujumbe wake ndio mkubwa kuliko yote. Marekani na washirika wake wakaweka ngazi nne: Routine, Priority, Immediate na Flash. Ngazi hazikutolewa ovyo. Cheo chako na aina ya habari uliyonayo ndivyo vilivyoamua unaruhusiwa kutumia ipi. Simu za mtandao wa jeshi la Marekani ulioitwa Autovon zilikuwa na safu ya ziada ya vitufe vyekundu kando ya tarakimu, na kitufe cha juu kabisa, Flash Override, kiliweza kukata mazungumzo ya wadogo ili mkubwa apite.

Sasa hapa wana-kompyuta wenzangu mtafurahi. Intaneti ilifadhiliwa na jeshi la Marekani, na itifaki ya IP ilipoandikwa katika RFC 791, Septemba 1981, ngazi hizo ziliingizwa ndani. Kila pakiti ilipewa biti tatu za kipaumbele: 000 ni Routine, 001 Priority, 010 Immediate, 011 Flash, 100 Flash Override, na kuendelea juu. Biti zile zimebadilishwa maana mwaka 1998 kupitia RFC 2474, lakini mahali pake bado pako. Picha unayomtumia shangazi kwa WhatsApp hapa sokoni Kehancha inasafiri na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya majenerali.

Kwa nini hatuzioni zikifanya kazi? Kwa sababu kwenye intaneti ya watu wote hakuna sajenti wa kuuliza, "Wewe nani amekuruhusu kuandika Flash?" Kama alama ni bure na kila mtu anaweza kuiweka, kila mtu ataiweka. Kwa hiyo pakiti zikivuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kwa kawaida alama za mtumaji hupuuzwa au hufutwa.

Bendera iliyoitwa URG

Mwezi ule ule wa Septemba 1981 ilitoka RFC 793, iliyoeleza TCP. Ndani yake kuna bendera sita, na moja inaitwa URG, kifupi cha neno letu. Pamoja nayo kuna kielekezi cha biti 16 kinachomwambia mpokeaji: "Soma upesi mpaka hapa, kuna jambo mbele." Matumizi yake yalikuwa ya maana. Tuseme umeingia kwenye tarakilishi ya mbali kwa Telnet, programu imekwama inamwaga maandishi, nawe unabonyeza kitufe cha kuisimamisha. Amri yako isisubiri nyuma ya foleni ya vitu ambavyo havitasomwa.

Lakini maandishi ya RFC 793 yalijipinga yenyewe. Sehemu moja ilisema kielekezi kinaonyesha baiti ya mwisho ya jambo la haraka, sehemu nyingine ikasema kinaonyesha baiti inayofuata. Mwaka 1989 RFC 1122 ilitoa hukumu: ni baiti ya mwisho. Watengenezaji wengi wakaendelea kufanya kinyume chake, Linux ikiwemo. Kwa hiyo mashine mbili zingeweza kukubaliana kwamba kuna jambo la haraka, lakini zisikubaliane ni lipi.

Kisha ikaja 1997. Mtu alitoa programu ndogo iliyoitwa WinNuke. Ilituma data yenye bendera ya URG kwenye lango namba 139 la tarakilishi ya Windows 95, na tarakilishi ikaanguka palepale na ule ukurasa wake wa buluu. Mfumo ulijua kwamba kitu cha "urgent" kinaweza kuja, lakini haukuandaliwa kukipokea kilipokuja mahali usipokitarajia.

Mwisho wake? Januari 2011 RFC 6093 ilishauri programu mpya zisitumie kabisa utaratibu huu, na ilikubali hukumu ya wale waliokuwa wakifanya kinyume. RFC 9293 ya Agosti 2022, ambayo ndiyo TCP ya sasa, bado ina bendera ya URG, lakini kama mzee wa baraza asiyepewa nafasi ya kusema.

Barua pepe ilijua tofauti

Watunga viwango wa barua pepe walifanya jambo la busara ambalo wachache wanalijua. RFC 2156 ya mwaka 1998 ina vichwa viwili tofauti. Kimoja kinaitwa Priority, na thamani zake ni non-urgent, normal na urgent. Hiki ni cha mitambo: ujumbe usafirishwe kwa kasi gani. Cha pili kinaitwa Importance, na thamani zake ni low, normal na high. Hiki ni cha binadamu: ujumbe una uzito gani kwa msomaji. Haraka ni kitu kimoja, uzito ni kingine.

Rais Eisenhower wa Marekani aliligusa jambo hili katika hotuba yake ya Agosti 1954 huko Evanston, Illinois. Alimnukuu mkuu wa chuo mmoja ambaye hakumtaja jina, aliyesema kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya maana, na kwamba yale ya haraka si ya maana, na yale ya maana hayawi ya haraka kamwe. Watu wengi wanafikiri maneno hayo ni ya Eisenhower mwenyewe.

Na sisi tukafanya nini na vichwa viwili vya barua pepe? Programu zetu zikatupa kitufe kimoja chenye alama nyekundu ya mshangao. Tukavichanganya tena.

SMS, na "urgent" isiyotosha

Kama umewahi kuandika programu ya kutuma SMS nyingi kwa pamoja, kwa mfano za chama cha wakulima au za shule, huenda umekutana na itifaki ya SMPP. Toleo la 3.4 lilitoka mwaka 1999. Lina uga wa kipaumbele wenye ngazi nne, 0 hadi 3. Kwa mitandao ya GSM kama yetu maana yake ni ndogo: 0 haina kipaumbele, nyingine zote zina kipaumbele. Lakini kwa mfumo wa Marekani wa ANSI-136 ngazi zimepewa majina: 0 Bulk, 1 Normal, 2 Urgent, 3 Very Urgent. Mara ya kwanza kuliona jedwali hilo nilicheka peke yangu. Hata katika waraka wa wahandisi, neno lilikuwa limechoka kiasi cha kuhitaji msaidizi.

Wakati huo huo wananchi wa kawaida walikuwa wanatengeneza kiwango chao bila kamati. Kencell na Safaricom zilipoingia sokoni kwa nguvu mwaka 2000, dakika ilikuwa ghali. Tukaanza kuflash (Watanzania husema kubipu): unapiga, inalia mara moja, unakata. Jonathan Donner aliandika utafiti kuhusu kanuni za mchezo huu mwaka 2007, akitumia hasa Rwanda, na mtu yeyote wa hapa angemsaidia kuuandika. Mwenye nacho ndiye anayepigia. Flash moja, nakusalimu. Flash tatu mfululizo usiku, inuka. Ilikuwa bure, lakini haikutumiwa ovyo, kwa sababu waliokuwa wakiitumia walijuana. Ukimflash mjomba mara tatu usiku kwa jambo la upuuzi, utamkuta matangani.

Yowe

Kabla ya hayo yote kulikuwa na sauti. Pwani wanasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Huku Ukuria, mbali na pembe za mji, kulikuwa na yowe. Ng'ombe wakiibwa usiku, anayegundua hupiga ukelele, jirani huupokea na kuupeleka mbele, kilima hadi kilima. Ni mtandao kamili: mtumaji, virudiaji, na kanuni kwamba anayesikia lazima atoke. Mwaka 1998, wizi wa mifugo ulipozidi, jamii za Kuria upande wa Kenya zilianza kutumia sungusungu, utaratibu uliozaliwa Tanzania miaka ya 1980 mwanzoni, zikauunganisha na iritongo, baraza la wenyeji. Sungusungu walikuwa na makosa yao, na si madogo. Lakini waliligundua jambo moja sawasawa: yowe bila watu waliokubaliana mapema nani atatoka ni kelele tu.

Hapa ndipo historia hii inapoacha kuwa ya kujifurahisha. Katika Kuria kuna dharura inayojulikana mwezi wake. Ukeketaji hufanyika hasa likizo ndefu, Desemba. Takwimu za KDHS za mwaka 2014 zilionyesha kwamba wastani wa taifa wa wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa ulikuwa asilimia 21, na kwa Wakuria kiwango kilikuwa juu zaidi ya hapo. Wastani huo ulishuka hadi 15 mwaka 2022. Sheria ya kuupiga marufuku ipo tangu 2011. Mwaka 2019 serikali iliahidi kuumaliza ifikapo 2022. Katikati, mwaka 2020, shule zikafungwa kwa miezi mingi kwa sababu ya korona, na likizo ikawa ndefu kuliko wakati wowote. Hili ni jambo la maana miezi 11, na kila mwaka tunangoja mwezi wa 12 ili tuliite la haraka.

Ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Mara, kuna mama wa Kikuria anayeitwa Rhobi Samwelly, ambaye ameendesha nyumba salama za wasichana wanaokimbia kukeketwa, ikiwemo ile ya Mugumu, Serengeti. Tatizo moja lilikuwa hili: ujumbe ulifika kwamba msichana fulani, kijiji fulani, anakeketwa kesho. Ujumbe ulikuwa wa haraka kuliko wowote ule. Lakini kijiji hakikuwa kwenye ramani yoyote, na gari la polisi lilizunguka gizani likiuliza njia. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, ukakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi kuchora barabara na nyumba za Tanzania ya vijijini kwenye OpenStreetMap kwa kufuata picha za setilaiti, huku wenyeji wakiongeza majina ya vijiji kwa rununu zao. Ni kazi ya kuchosha: mtu anabofya paa moja baada ya lingine, jioni baada ya jioni. Hakuna aliyeiweka alama nyekundu ya mshangao. Lakini ndiyo iliyowezesha ule ujumbe wa usiku kupata njia ya kwenda.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetengeneza mfumo, siku ukiambiwa uongeze kitufe cha "urgent", uliza kwanza maswali haya. Kikibonyezwa, ni nani ataacha alichoshika? Asipoitika, ujumbe unakwenda kwa nani? Na anayekibonyeza bure kila siku atagharimika nini? Kama hakuna majibu, usikiweke, maana utakuwa umemdanganya mtu ambaye siku moja atakibonyeza akiwa na shida ya kweli.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Kenya ina namba 116 kwa ajili ya watoto na 1195 kwa ukatili wa kijinsia, zote ni bure kupiga. Ziandike kwenye rununu yako, na ya jirani yako pia, kabla Desemba haijafika.